UNAUZA KITU CHA ZAMANI? USIKISIE MWAKA

Leo nawapa somo lililonitoa hela.

Mwaka jana nilipata gita la umeme used, Ibanez ya Japani. Nikaposti fasta: "Gita original la 1975, halina tatizo. Laki saba." Mteja wa Morogoro akalipa, nikamtumia kwa basi. Kesho yake akapiga: "Kaka, hili ni la 1982, na sauti inakwaruza. Nirudishie hela yangu." Nikarudisha yote, na nauli ya mzigo kwenda na kurudi ikawa juu yangu.

Mwaka 1975 niliutoa wapi? Kichwani tu. Kumbe mwaka ulikuwa kwenye gita lenyewe.

1. SOMA NAMBA. Ibanez nyingi za Japani, kuanzia 1975 hadi katikati ya miaka ya 80, namba yake inaanza na herufi. Herufi ni mwezi: A ni Januari, mpaka L Desemba. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. Langu lilianza na H82, yaani Agosti 1982. Itafute nyuma ya kichwa cha gita, au kwenye bamba la chuma pale shingo inapofungwa na skrubu. Kampuni nyingine zina utaratibu wao, usilazimishe huu.

2. LIJARIBU. Chomeka kwenye spika, zungusha kila kitufe, piga kila uzi. Hujui kupiga? Mwite mpiga gita wa kwaya ya mtaani, mpe soda.

3. PIGA PICHA UBAYA. Namba, mikwaruzo, vyuma vya shingoni vilivyolika. Mteja akiviona kwako, hatakuja kuvigundua kwake.

4. CHUNGA NENO "ORIGINAL". Kwa wapiga gita maana yake hakuna kifaa kilichobadilishwa. Kama huna uhakika, usiliandike.

Nikaliposti upya: "Ibanez, Japani, Agosti 1982. Kitufe cha sauti kinakwaruza, sikiliza kwenye video. Laki sita." Aliyechukua aliuliza maswali mawili tu, akalipa. Mpaka leo hajanipigia kulalamika.

Laki moja ilipungua kwenye bei, lakini usingizi nimeupata.

Wewe unauza nini cha zamani? Redio, cherehani, kamera? Andika kwenye komenti, tusaidiane kujua namba yake inakaa wapi.