Biashara na Kichina: apange vipi orodha ya vyuo?

SWALI: Binti yangu anamaliza sekondari hapa Houston. Anataka kusoma biashara pamoja na Kichina, lakini ameorodhesha vyuo vyenye majina makubwa tu. Nifanyeje?
Mama Mzazi, Texas

JIBU: Mama, hofu yako ina msingi. Programu ya Huntsman ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania huunganisha masomo ya shule ya biashara ya Wharton na lugha, Kichina kikiwamo, ila nafasi ni chache mno. Hata wenye alama za juu hukosa. Abakize viwili vya aina hiyo.

Uzito auweke kwenye vyuo vya kati. Chuo Kikuu cha Indiana, Bloomington, kina shule ya biashara ya Kelley na Kichina cha kina. Aulize mapema: je, kukubaliwa chuoni ni kukubaliwa pia shule ya biashara? Mara nyingi sivyo. Kichina kinafundishwa hadi mwaka wa nne, au kinaishia wa pili?

Vyuo vyenye uhakika wa kumkubali viwe viwili, anavyovipenda kweli. Chuo Kikuu cha Houston, chenye shule ya biashara ya Bauer, kipo hapo mjini.

Kabla ya kutuma maombi, fungueni kikokotoo cha gharama kwenye tovuti ya kila chuo. Msichoweza kukilipia, kifuteni.