SOMO LA VIKUNDI: DAWA YA YULE ASIYEWEZA KUULIZA

Wapendwa, somo la mwezi huu lasomwa pamoja na Matendo ya Mitume sura ya 6, mstari wa 1 mpaka wa 7. Msomeni kwanza kwa sauti katika kikundi, kisha mrudi hapa.

Jambo lililowasumbua Wakristo wale wa kwanza lilikuwa la chakula. Wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Manung'uniko yalipotokea, Mitume hawakuwaambia watu wanyamaze, wala hawakusema kwamba anayenung'unika amepungukiwa imani. Waliita mkutano wa wote, na mkutano ukachagua watu saba wa kuusimamia mgawo. Tazameni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Yaonekana basi kwamba waliokabidhiwa kazi walitoka upande uleule uliokuwa unasahauliwa. Kumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Sasa tuje hapa kwetu Shelui. Nataka tuwatazame watu wa aina mbili: wagonjwa wa akili, na wenye kifafa. Siwaweki pamoja kana kwamba ugonjwa wao ni mmoja, la hasha. Ila katika nchi yetu wote wawili kwa kawaida hutibiwa kliniki moja, na dawa zikikosekana hukosekana kwa wote wawili.

Chukueni mfano wa fenobabitoni, vidonge vya kifafa. Ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Mgonjwa huimeza kila siku kwa miaka, naye aweza kulima, kusoma, na kuoa. Lakini akiikatisha ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu, pengine mara kwa mara pasipo mgonjwa kupata fahamu katikati, na hali hiyo yaweza kumwua. Au ataanguka motoni, penye mafiga, na walio karibu wataogopa kumshika kwa ajili ya mapovu. (Mapovu hayaambukizi kifafa. Mwenye shaka na amwulize mganga wa zahanati, wala asingoje mtoto wa mtu aungue.) Hali kadhalika mgonjwa wa akili aliyetulia kwa klopromazini au kwa sindano ya kila mwezi: dawa ikikatika, baada ya muda maneno yake huanza kupotea tena, na jamaa zake wakizidiwa hutafuta kamba. Kwa hiyo sanduku la dawa likiwa tupu kwa wiki tatu, si upungufu wa karatasini tu.

Zamani mtu wa namna hii alipelekwa mbali. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa na nyumba ya wagonjwa wa akili kule Lutindi, milima ya Usambara, tangu mwanzo wa karne ya 20. Kisha katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ikajenga Mirembe huko Dodoma. Kwa mtu wa Shelui, Mirembe ni kupanda mlima Sekenke, kupita Singida na Manyoni, zaidi ya kilomita 300, na nauli ni ya watu wawili, maana mgonjwa hawezi kwenda peke yake. Katika miaka ya 1980 nchi yetu, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, ilijaribu njia nyingine katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro: watumishi wa vituo vidogo wafundishwe kuwatambua wagonjwa hawa na kuwapa dawa karibu na nyumbani. Mimi naona ndiyo njia ya haki. Lakini ina udhaifu mmoja. Hospitali kubwa ikifungwa, taifa zima litajua. Kopo la vidonge likiisha kijijini, ajuaye ni mama mmoja.

Nani basi amulize mwenye kopo?

Kuna kipindi hapakuwa na wa kuuliza. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, na kazi zake zikashikwa na watumishi wa serikali kuu. Sheria ya kuzirudisha ilitungwa mwaka 1982, nazo zikaanza tena kazi mwaka 1984; na katika mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Tangu hapo zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri, na kwetu ni Halmashauri ya Wilaya ya Iramba, makao yake Kiomboi. Baraza la Madiwani hukutana kila miezi mitatu, na mkutano wake ni wa wazi. Raia yeyote aruhusiwa kukaa na kusikiliza. Ndani yake iko Kamati ya Elimu, Afya na Maji, ambayo hupokea taarifa ya Mganga Mkuu wa Wilaya na kumhoji. Hata Uingereza, nchi yenye hospitali nyingi, ilitungwa sheria mwaka 2001 ya kuwapa madiwani uwezo wa kuwaita wakuu wa huduma za afya waje wajibu maswali. Kuhojiwa si kudharauliwa.

Lakini diwani hawezi kuuliza asilolijua, na hapa ndipo penye ugumu wa somo letu. Wajane wa Yerusalemu walinung'unika. Hawa wetu hawanung'uniki. Mgonjwa mwenyewe akisema haaminiwi. Jamaa zake wanaona aibu, wanamficha chumba cha nyuma au wanampeleka kwa mganga wa kienyeji usiku. Asipofika zahanati haandikwi kitabuni. Asipoandikwa, dawa yake haiagizwi, au huagizwa kidogo mno. Dawa isipokuwapo, hata yule mmoja aliyethubutu kuja hurudi mikono mitupu, naye haji tena. Mwisho wa robo mwaka taarifa yaonyesha wagonjwa wachache sana, na kamati yafurahi kwamba Shelui hakuna tatizo!

Tena, nasema hili kwa heshima, viongozi wetu hupenda kukagua majengo. Jengo laonekana, lina bati, lina rangi, lina jiwe la msingi la kufunuliwa. Kidonge cha jioni hakina sherehe.

Mahali pa kuanzia si Kiomboi. Ni hapahapa. Mageuzi ya afya ya miaka ya 1990 yalileta kamati ya usimamizi katika kila kituo cha tiba, yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Tena jirani zetu wa Igunga, ng'ambo ya mbuga ya Wembere, ndio walioanza kwa majaribio Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 1996, kabla haujawa sheria ya nchi mwaka 2001. Na kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha nyingi za kituo zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo chenyewe, badala ya kupitia mikononi mwa wilaya. Kwa hiyo kamati ile si ya kupiga makofi. Yashiriki kupanga fedha zitumikeje, na wajumbe wake hushuhudia dawa zinapopokelewa kutoka Bohari ya Dawa. Mjumbe aliyetia sahihi karatasi ya mapokezi bila kufungua maboksi ameshuhudia maboksi tu.

Na mjumbe awe nani? Hapa turudi kwa wale saba. Kwa kawaida twamchagua mwenye duka, au mwalimu mstaafu anayejua kuandika, na si vibaya. Lakini mama aliyelea kijana wa kifafa kwa miaka kumi anajua tarehe dawa ilipokatika bila kutazama leja. Kama hajui kusoma, atasomewa.

Zaidi ya kamati uko Mkutano Mkuu wa Kijiji, nao pia wapaswa kuitwa kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana haki ya kusema. Yanayosemwa pale huandikwa katika muhtasari, hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na diwani huyapeleka Kiomboi. Swali likiulizwa njiani husahauliwa. Likiandikwa lataka jibu.

Jambo moja nawasihi. Katika mkutano ulizeni hesabu, msiulize majina. Semeni: wagonjwa wa akili na wa kifafa walioandikishwa ni wangapi, kwa miezi mitatu fenobabitoni ilikosekana siku ngapi, mratibu wa afya ya akili wa wilaya alifika lini mara ya mwisho, je, wanaostahili msamaha wa malipo wanapewa? Kwa maana tangu uchangiaji ulipoanza mwaka 1993 sera iliwaweka wenye maradhi sugu, na wa akili wakiwamo, katika kundi la kusamehewa. Lakini mtu asisimame kusema, "Binti wa fulani pale mtaani kwetu." Atakuwa amemwumiza yule aliyetaka kumsaidia, na msiba huo hauponi kwa dawa yoyote ya serikali.

Wala msiende kwa mganga wa zahanati kama polisi. Mara nyingi ameagiza dawa na hazikuja, naye ndiye atukanwaye dirishani. Swali lenu lililoandikwa laweza kuwa fimbo yake ya kutembelea afikapo wilayani.

MASWALI YA KIKUNDI. Kwa nini Mitume waliita mkutano wa wote, badala ya kuligawa chakula lile wenyewe kwa haki? Je, katika mtaa wenu kuna nyumba ambayo hatuipitii kwa sababu ya mgonjwa aliyemo? (Mjibu moyoni, msitaje.) Ni nani kati yenu aijuaye kamati ya kituo chetu cha tiba, na wajumbe wake ni akina nani? Mwisho, chagueni wawili, mmoja wao awe mama, waulize kwa Mtendaji wa Kijiji tarehe ya mkutano mkuu ujao, na jibu liletwe kikundini Jumatano ijayo.