Ukurasa Mmoja kwa Siku, Mwaka Mzima



Somo letu la safari hii si la kuku wala la mbolea. Ni la kusoma. Tunajua wengine watageuza ukurasa wakisema hayo ni mambo ya watoto wa shule. Tafadhali ngojeni kidogo, maana somo hili limetokana na hema moja na viti 60 vilivyopotea, na vilipopotea sisi tulikuwapo.

Viti vilivyoondoka na lori

Kikundi kimoja cha akina mama huku Ukambani kilijikaza miaka sita, kikachanga, kikanunua hema na viti vya kukodisha kwenye harusi na matanga. Baadaye wakataka mkopo wa kununua tangi la maji. Mkopeshaji akaleta makaratasi, kurasa saba, zote za Kiingereza. Wanachama walikuwa 16. Wakatuomba sisi tuyaangalie, kwa vile ndio tuliosomea kazi hii. Tuliangalia ukurasa wa kwanza, wenye jina la kikundi na kiasi cha pesa, halafu ukurasa wa mwisho, wenye nafasi za sahihi. Jua lilikuwa kali, afisa alikuwa na haraka, na mama mwenye boma alikuwa ameshapakua chakula. Tukasema, "Yako sawa."

Hayakuwa sawa. Ukurasa wa tano ulisema kwamba hata mtu mmoja akichelewa kulipa, mali yote ya kikundi inaweza kuchukuliwa bila kuitwa mkutano, na faini ya kuchelewa inahesabiwa kila wiki. Mvua ya Novemba ilipokosa kunyesha, wawili wakashindwa. Lori likaja Jumanne asubuhi. Watoto waliokuwa wakienda shule walidhani viti vinapelekwa harusini.

Tulipoketi na kikundi baada ya hapo hatukuwa na la kusema. Mwenyekiti hakutulaumu, na hilo ndilo lililotuuma zaidi. Mweka hazina, mama wa miaka hamsini na kitu, akasema neno ambalo tumelibeba mpaka leo: "Mimi nilisoma hadi darasa la saba. Lakini kusoma kumenitoka."

Tukawauliza wenzake. Katika wale 16, kumi na mmoja walikuwa wamepitia shule, wawili walijifunza kwa ngumbaru, na watatu tu ndio hawakujua herufi. Lakini aliyekuwa amesoma karatasi yoyote ndefu kuliko risiti mwaka ule alikuwa mmoja tu, yule katibu, msichana wa kidato cha nne. Wengine wote walimwachia yeye. Na sisi je? Tulipojipima kwa ukweli, tuliona kitabu cha mwisho tulichokimaliza kilikuwa cha mtihani wa chuo, miaka mingi iliyopita. Kila wiki tulikuwa tukihubiri maendeleo huku tukisoma vichwa vya habari na ujumbe wa simu, basi.

Nchi hii imefundisha watu wazima wengi. Kampeni kubwa ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika ilianzishwa na serikali mwaka 1979, na wengi wa mama zetu walishika kalamu wakati ule. Tena nani amemsahau Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84? Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe, asitegemee tu anachoambiwa na mhubiri. Mzee yule alijua kitu ambacho sisi tulijifunza kwa kupoteza viti. Kujua herufi ni mwanzo tu. Jembe likikaa darini miaka 30, siku utakayolishusha mpini utakuwa umeliwa na mchwa.

Agano la watu watano

Mwezi wa Januari tukafanya agano, sisi na akina mama wanne. Kila mtu asome ukurasa mmoja kila siku kwa mwaka mzima, na kila Jumapili baada ya Misa tukutane chini ya mti dakika chache, kila mmoja aeleze alichosoma. Kusema "nilisoma" haitoshi, unaeleza kilichoandikwa. Mambo yalikuwa hayo tu.

Ukurasa mmoja unaonekana ni mchezo. Lakini pigeni hesabu. Kwa mwaka ni kurasa 365, yaani vitabu vitatu vya kurasa 120. Mtu anayependelea Neno la Mungu na ataweza zaidi ya ukurasa, hesabu yake imekaa vizuri ajabu: Agano Jipya lina sura 260. Soma sura moja Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 52, na utamaliza yote bila kuguswa Jumamosi wala Jumapili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo ina vifungu 264. Vitano kwa wiki, mwaka ukiisha vinabaki vinne tu. Mmoja wa wale mama alichukua Katiba ya Kiswahili. Tulimwonea huruma, tukidhani ataiacha kabla ya Pasaka. Lakini yeye ni mjane, na kesi ya shamba la marehemu mumewe ilikuwa bado kwa wazee. Alipofika kifungu cha 60, kinachotaka kuondolewa ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi, alikisoma Jumapili ile mara tatu kwa sauti, halafu akakunja ukurasa kwa pembeni. (Kitabu chetu hicho, lakini hatukumkemea.)

Mwingine alianza na Injili ya Marko kwa Kikamba, kwa kuwa ndiyo fupi kuliko zote nne, sura 16. Hilo ni jambo la busara. Anayesoma lugha ya mama vizuri zaidi aanze nayo, Kiswahili kitafuata. Mweka hazina alichagua Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, habari za mtu aliyeacha kazi ya mshahara akaenda kulima. Alikuwa akigombana na kitabu kile. "Huyu hajawahi kupalilia Desemba," alituambia. Lakini alikimaliza, na mtu anayegombana na kitabu ujue anakisoma.

Punda anayejua kusoma

Kitabu kilichotugusa wote ni Shamba la Wanyama. George Orwell, Mwingereza, alikitoa mwaka 1945, na Fortunatus Kawegere akakitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1967. Wanyama wanamfukuza mkulima na kuandika sheria zao ukutani. Nguruwe ndio wasomi. Farasi mwenye nguvu kuliko wote anafika kwenye herufi ya nne tu, na kila jambo likimtatiza anajiambia atafanya kazi zaidi. Basi nguruwe wanabadilisha sheria kidogo kidogo, na wenzao wanabaki kujiuliza: hivi sheria ilikuwa inasema hivyo tangu mwanzo, au sisi tumesahau?

Mle ndani yumo farasi jike anayeshuku lakini hawezi kuunganisha maneno, kwa hivyo anamwita mbuzi amsomee. Tena yumo punda. Punda anajua kusoma kama nguruwe yeyote, lakini hasomi. Anasema hakuna cha maana cha kusomwa. Siku yule farasi mwenye nguvu anapopakiwa kwenye gari, ndipo punda anawasomea wenzake maandishi ya ubavuni: ni gari la mchinjaji. Wakati huo milango imeshafungwa.

Susu mmoja, mkubwa kuliko wote watano, alipofika hapo alifunga kitabu akatuangalia. "Mwalimu," akasema, "huyu punda tunamjua."

Hatukujibu. Wenzake walicheka, na baadaye kidogo sisi pia tukacheka, lakini usiku ule tulikwenda kutafuta nakala ya yale makaratasi saba tukayasoma yote, neno kwa neno. Ilituchukua dakika 40. Dakika 40 kwa viti 60.

Macho, taa na Novemba

Tusiwadanganye kwamba mwaka ulikwenda sawa. Kwanza ni macho. Wawili walikuwa wanasema kusoma kunawaletea usingizi na kuumwa na kichwa. Kumbe ni umri. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na maandishi ya karibu yanakuwa na ukungu hata kama unaona mbuzi wako vizuri ng'ambo ya bonde. Ukiona unasukuma karatasi mbali mpaka mkono hautoshi, hujasahau kusoma, unahitaji miwani ya kusomea. Ile ya sokoni inaweza kusaidia, lakini pitieni kwanza kliniki ya macho, maana presha ya macho na ugonjwa wa sukari huharibu macho kimyakimya na miwani ya sokoni haitakuonyesha. Tunadhani watu wengi wa vikundi vyetu wanaoitwa "wasiojua kusoma" shida yao ni hii.

Pili ni taa. Koroboi inatoa moshi na mwanga mdogo. Anayeweza apate taa ndogo ya sola. Asiyeweza asome mchana, wakati chakula kinachemka, au akingoja zamu bombani. Susu alisoma Marko karibu yote kwenye foleni ya maji.

Tatu ni kazi. Mvua ya mwisho wa mwaka ndiyo mvua ya kutegemewa huku kwetu, na ilipokuja Oktoba hakuna aliyeshika kitabu wiki tatu. Hapo mmoja alituacha kabisa, na tulijua sababu: alitaka kulipa deni. Alikuwa na kurasa 20 nyuma, akajaribu kuzisoma usiku mmoja, akachoka, akaona aibu kuja Jumapili. Kwa hivyo tukaweka kanuni: siku iliyopita imepita, hailipwi. Unaanza na ukurasa wa leo. Sisi wenyewe mwaka wetu ulimalizika Machi ya mwaka uliofuata, miezi 14 badala ya 12, na bado tunauhesabu kuwa ni mwaka.

Kuna jambo moja ambalo hatukulitarajia. Katibu alinuna. Alisikia wakubwa wameanza kusoma, akadhani anachunguzwa. "Kama hamniamini mseme," alisema mbele ya mkutano. Mwenyekiti akamjibu kwa upole, "Mwanangu, tunakuamini. Lakini tumekutwika mzigo wa watu 16 peke yako, na siku ukiteleza tunaanguka wote." Yule binti alilia, kisha yeye ndiye aliyeanza kuwakagua Jumapili. Mwaka uliofuata alipata kazi Emali akahama. Tumeona vikundi vikifa kwa sababu kama hiyo, daftari la mikutano limefungwa na hakuna wa kulifungua. Hiki hakikufa.

Mkopeshaji mwingine alikuja, na fomu nyingine. Mweka hazina alivaa miwani, akasimama. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hivyo aliomba ya Kiswahili, na isipokuwapo basi aelezwe kila ukurasa kwa Kiswahili. Katiba, kifungu cha 7, inasema Kiswahili nacho ni lugha rasmi, kwa hivyo msione aibu kuomba. Waliipitia saa mbili na nusu. Afisa aliangalia saa yake, akatoka nje kupiga simu, akarudi. Kikundi kikakataa vipengele viwili. Kimoja alikibadilisha, cha pili alisema hawezi. Wakamwambia aende nayo, watafikiri. Mpaka tunaandika haya bado wanafikiri, na viti vipya 20 wamenunua kwa michango yao.

Maswali ya kujadiliana kikundini

Katika kikundi chenu, ni watu wangapi wamesoma katiba ya kikundi tangu siku ya kuandikishwa? Mhesabu kwa kuinua mikono.

Katibu wenu akihama kesho, nani atasoma daftari la mikutano na kitabu cha benki?

Ni nani kati yenu alijua kusoma akaacha? Ni nini kilimfanya aache: macho, taa, kazi, aibu, au kukosa kitabu? Kila sababu ina dawa yake, msizichanganye.

Watu watatu au watano wako tayari kuanza pamoja? Watasoma nini, wataonana siku gani, na nani atawasomea kwa sauti wale wasiojua herufi ili nao wasikose?

Tena, tafuteni karatasi yoyote ambayo kikundi kimetia sahihi miaka hii miwili. Isomeni yote katika mkutano, kuanzia mwanzo. Mkikuta neno lisiloeleweka, liwekeeni alama kwa kalamu na mlilete tutakapokutana na wawakilishi wa vikundi parokiani. Sisi tutakuja na miwani yetu.