SOMO: Tuwaachie Pongo Mahali pa Kulala



Somo la robo hii linahusu kosa ambalo nimelifanya mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilitembelea msitu mdogo wa usharika mmoja wilayani Kilosa. Kamati ilikuwa imefyeka vichaka vyote chini ya miti, chini peupe kama uwanja wa kanisa. Niliwapongeza, na picha tukawapelekea wafadhili. Msimu uliofuata mzee wa kanisa akaniuliza, "Mratibu, mbona hata nyayo za pongo hatuzioni tena?" Sikuwa na jibu. Leo ninalo: tuliwabomolea nyumba.

Wanyama hawa wanaishije?

Katika misitu ya vijiji vya Kilosa na pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi wapo pongo na nsya. Kwenye misitu minene ya milimani wapo funo. Hawa hawategemei mbio za mbali kama nyumbu. Usalama wao ni kujificha. Pongo hupenda kutulia kichakani mchana, kisha asubuhi na jioni hutoka ukingoni kula majani, machipukizi na matunda yaliyoanguka. Mama humficha mtoto wake kichakani na kumrudia ili kumnyonyesha. Kichaka kikiondolewa, malisho na maji peke yake havitoshi kumweka hapo.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga hifadhi yake ya msitu, yenye mpango wa usimamizi na sheria ndogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inasema mnyamapori ni mali ya umma, hata akilala kwenye ardhi ya usharika. Kumwinda bila leseni ni kosa. Kwa hiyo hatumwekei kichaka ili tupate kitoweo.

Hatua za kufuata

1. Tembeeni kwanza. Kabla ya kushika panga, nendeni na wazee wanaoujua msitu pamoja na Kamati ya Maliasili ya Kijiji. Wekeni alama kwenye njia za wanyama, kinyesi, nyasi zilizolaliwa, na vichaka vilivyoota juu ya vichuguu.

2. Msifyeke pote. Palilieni mduara mdogo kuzunguka kila mche, basi. Panapolazimu kufyeka, fyekeni sehemu moja mwaka huu na nyingine mwaka mwingine. Vichaka vya kando ya kijito viacheni kabisa.

3. Vuneni kwa vipande. Tangu 2012 vijiji kadhaa vya Kilosa vilijifunza uvunaji wa mkaa endelevu kupitia mradi wa TFCG na MJUMITA. Msitu uligawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, vikavunwa kwa kurukaruka kama bao la drafti, kwa mzunguko wa miaka 24, na visiki vikaachwa vichipue. Lengo lilikuwa mkaa na mapato ya kijiji, lakini mpangilio huo una somo kwetu: kitalu kinachochipua ni malisho, na kilichosimama jirani yake ni maficho.

4. Dhibitini moto. Moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, ni mkali kuliko wa Mei na Juni. Limeni barabara za moto mapema. Msichome chochote bila kibali, na vichaka vya kulala visiguswe.

5. Ondoeni mitego ya nyaya, zuieni mbwa, na kubalianeni na wafugaji njia ya kupitisha mifugo.

Hofu ya wakulima

Akina mama wengi hutuambia, "Kichaka kitatuletea nguruwe pori na nyani." Hofu hiyo ni ya haki, tusiipuuze. Vichaka viwe ndani ya msitu, na kati ya msitu na mashamba paachwe ukanda ulio wazi. Njia za kisimani na shuleni zifyekwe pande zote mbili, hasa karibu na Mikumi ambako tembo na nyati hutoka hifadhini. Wakionekana, toeni taarifa kwa afisa wanyamapori, msiwafukuze wenyewe.

Neno kwa wafadhili

Taarifa zetu zimezoea kuhesabu miche na kuonyesha picha za mahali pasafi. Tunaomba mpokee pia picha za msitu usiopendeza macho, pamoja na daftari la kamati lenye idadi ya nyayo zilizoonekana na mitego iliyoondolewa kila mwezi. Hicho ndicho kipimo kitakachotuambia kama wanyama wamerudi.

Maswali ya kujadili

1. Someni Zaburi ya 104. Mungu amewapa wanyama makao gani, na sisi tumeyafanyia nini?
2. Katika msitu wetu, ni vichaka gani visiguswe mwaka huu?
3. Nani atatunza daftari, na ukanda wa wazi utafyekwa lini?

Usharika ule uliacha kufyeka nusu ya msitu wake. Vichaka vinarudi polepole. Mzee yule bado anaangalia nyayo kila Jumamosi, nasi tunangoja pamoja naye.

Mratibu wa Miradi, Dayosisi