Mzee ni Nani? Neno Moja na Vipimo Vyake Migori na Homa Bay

Makala hii inanuia kuichunguza dhana ya mzee jinsi inavyotumika katika sera za huduma za jamii nchini Kenya, kwa kurejelea kaunti za Migori na Homa Bay. Swali letu ni la kisemantiki, lakini jawabu lake huamua ni nani atakayelipwa na ni nani atakayerudi nyumbani mikono mitupu.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 260, inamtambua mzee kuwa mtu aliyezidi umri wa miaka 60, na kifungu cha 57 kinamhakikishia utu, heshima na matunzo ya jamaa na ya serikali. Mpango wa Inua Jamii una mzee mwingine. Msaada wake uliwalenga hapo awali maskini waliotimu miaka 65. Ulipopanuliwa mwaka 2018 bila kupima umaskini, kipimo kilipandishwa hadi miaka 70. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Hivyo basi, mtu wa miaka 66 ni mzee mbele ya Katiba, ila si mzee mbele ya mlipaji.

Jamii nayo haihesabu miaka. Katika Kiswahili, mzee huweza kuwa baba, mkuu wa kazi au mtu wa heshima tu, hata akiwa na miaka 40. Wajaluo humwita jaduong' mtu mwenye hadhi (Wakuria wa Migori wanastahili makala yao wenyewe). Zamani palikuwa na pim, bibi kizee aliyesimamia siwindhe, nyumba ambamo wasichana walilala na kufunzwa kwa ngano na vitendawili. Uzee wa pim ulikuwa kazi, wala haukuwa utegemezi.

Kazi hiyo imerejea kwa sura ya huzuni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI miongoni mwa watu wazima Homa Bay yalikuwa asilimia 19.6, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Maradhi hayo yaliwaondoa wazazi wengi, nyanya wakaachiwa wajukuu. Nyanya wa miaka 62 anaweza kuingia Inua Jamii kupitia mlango wa mayatima, lakini humo huandikwa mlezi. Wajukuu wakitimiza miaka 18, mlango huo hufungwa; naye, asipokuwa amefika 70, hubaki bila jina lolote daftarini.