Vifaa vya Zamani, Thamani Iliyofichwa na Kutu: Somo kwa Kamati za Miradi

Ndugu wanakamati na wafadhili,

Kikundi cha vijana maseremala kinapoanza, mara nyingi tunakinunulia randa mpya ya bei rahisi ambayo makali yake hayadumu. Wakati huohuo, kwenye minada na kwa wauza vyuma chakavu, zimelala randa na patasi za zamani zilizo bora zaidi, zikiuzwa kwa kilo. Somo la robo hii ni jinsi ya kuzitambua.

1. Soma maandishi. Futa vumbi utafute jina na mji. Sheffield, Uingereza, ulisifika kwa vifaa vya mkono. Huko, miaka ya 1740, Benjamin Huntsman alibuni njia ya kuyeyusha feleji ndani ya vyungu. Patasi ya zamani yenye maneno CAST STEEL imetengenezwa kwa feleji ya aina hiyo, nayo hushika makali vizuri. Majina mengine ya kutafuta ni Marples na Record za Sheffield, Stanley ya Marekani, na misumeno ya Disston ya Philadelphia. Lakini maneno Warranted Superior kwenye mpini wa msumeno si jina la kiwanda. Viwanda vingi viliyatumia.

2. Tofautisha kutu na kilema. Kutu ya juujuu huondoka. Mashimo ya kutu kwenye mgongo bapa wa patasi, karibu na makali, ni kilema, kwa sababu makali hayatanyooka. Randa ya chuma ikague mdomo na pembeni. Yenye ufa iache. Pima pia urefu wa kisu kilichobaki. Msumeno upinde kidogo uuachie: ukirudi ukanyooka, ni mzima.

3. Safisha kwa uangalifu. Loweka chuma peke yake katika siki usiku mmoja, usugue kwa brashi, uoshe, ukaushe mara moja na kupaka mafuta. Usitumie mashine ya kusaga kwa pupa. Joto likigeuza makali kuwa ya bluu, ugumu umepotea.

4. Lipa bei ya haki. Hapa nina la kukiri. Mwaka mmoja nilinunua sanduku la vifaa kwa mama mjane. Marehemu mumewe alikuwa fundi. Mama aliomba bei ya chuma chakavu, nami nikalipa haraka nikifurahia bahati. Tulipolifungua karakanani tulikuta randa mbili za Stanley na patasi sita nzima. Mzee mmoja wa kamati akauliza, “Je, mwenyewe alijua?” Sikuwa na jibu. Tulirudi kwake tukamweleza, tukamwongezea fedha. Aliomba arudishiwe patasi moja tu, kwa ajili ya mjukuu wake.

Mwenye duka anajua biashara yake, patana naye. Asiyejua anachouza, mweleze kwanza. Na siku zote andikeni hati ya mauzo yenye jina la muuzaji na shahidi, msije mkanunua mali ya wizi.

Maswali ya kujadili
- Nani katika kamati yetu anaweza kukagua kifaa kabla fedha haijatoka?
- Ni wazee gani mafundi mtaani kwetu wanaoweza kuwafundisha vijana kunoa?
- Tukipata kwa bei ya chini sana, tunamwambia nini muuzaji?

Wenu katika huduma,
Mratibu wa Miradi