Maji ya kusafishia damu: somo lisilokwisha kwa muuguzi na fundi

Somo la wiki hii ni lako wewe muuguzi, au fundi, unayehudumia mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Yamkini ulifunzwa kazi hii kwa miezi michache, au ulielekezwa na waliozileta mashine, kisha ukaachiwa chumba.

Baraza la Wauguzi hudai alama za masomo ya kuendelea kabla ya kuongeza muda wa leseni. Hilo ni jambo zuri, ingawa alama hupatikana hata kwa kuketi ukumbini na kusikiliza mada isiyogusa kazi yako. Heri dakika 20 kila mwezi humo humo kazini, muuguzi na fundi wakisimama pamoja mbele ya matangi. Anzeni na maji.

Mtu mzima hunywa takriban lita 2 kwa siku. Mgonjwa anayesafishwa damu kwa saa 4, mashine ikipitisha mililita 500 kwa dakika, hukutanishwa na lita 120 kwa kikao kimoja. Akija mara mbili kwa wiki ni lita 240. Maji hayo hayapiti tumboni wala kwenye ini kwanza. Yametengwa na damu kwa utando mwembamba tu, naye hana figo za kutoa sumu iliyopenya.

Maji ya mfereji hutiwa klorini ili tusiugue kipindupindu. Klorini ikikutana na amonia hugeuka kloramini, ambayo hupenya vile vichujio vyembamba vya mtambo wa maji na kupasua seli nyekundu za damu. Kinachoizuia ni matangi mawili ya makaa maalum, yaliyofuatana. Makaa nayo huchoka, na hayatoi ishara yakichoka.

Kwa hivyo pimeni kabla ya kila zamu. Washeni mtambo, mngoje dakika 15, ndipo mchukue maji baina ya tangi la kwanza na la pili. Klorini yote isizidi miligramu 0.1 kwa lita. Angalieni hapa: kuna vipimo vinavyoonyesha klorini huru pekee, na hivyo haviioni kloramini. Someni maandishi ya pakiti. Tangi la kwanza likishindwa, pimeni baada ya la pili. Hilo nalo likishindwa, hakuna mgonjwa wa kuunganishwa, hata foleni iwe ndefu vipi.

Muuguzi, usiseme hayo ni ya fundi. Mgonjwa akilalamika ghafla kifua au mgongo, akihema, na damu katika mirija ikageuka rangi ya divai nyeusi, zima pampu, bana mirija, usiirudishe damu hiyo mwilini, mwite daktari. Kisha tazama wagonjwa wengine: wakiugua wawili watatu kwa pamoja, shuku maji.

Mwezi Februari 1996, mjini Caruaru nchini Brazil, zaidi ya wagonjwa 110 kati ya takriban 130 wa kituo kimoja waliugua kichefuchefu, kutapika na macho kufifia. Wapatao 50 walikufa kwa kuharibika maini. Maji yao yalikuwa yakiletwa kwa malori, yakiwa na sumu ya mwani wa bwawani.

Nasi mifereji ikikauka huita lori. Nani katika hospitali yenu humwarifu fundi kwamba leo tangi la juu limejazwa na lori? Mara nyingi anayejua ni mlinzi wa lango. Ulizaneni jambo hilo katika kikao chenu cha kwanza, na jina la mwenye kuarifu liandikwe katika daftari la maji, karibu na saa ya kipimo na sahihi mbili: ya fundi na ya muuguzi wa zamu.